Daftari la Nyamwamba

Miaka kumi na tisa nimeusoma mto huu
kama wengine wasomavyo Zaburi:
asubuhi saa moja, jioni saa kumi na mbili,
nimekaa juu ya jiwe lililolainika kwa kukaliwa nami,
macho kwenye ubao wa namba, penseli mdomoni.
Moja nukta mbili. Moja nukta mbili. Moja nukta tatu.
Mwezi mzima mto hausemi kitu,
nami nauandika ukimya wake hadi sentimita.

Mwezi wa tatu wakaja na ngazi.
Ssenkaali, kijana wa Entebbe, mwenye fulana ya kumetameta,
akafunga chini ya daraja kisanduku
kisichozidi mkate wa nusu kilo,
paneli ya sola juu yake,
na antena kama sindano ya kushonea magunia.
"Hakigusi maji, mama Kabugho.
Kinatuma mwangwi chini; ukirudi
kinajua mto umefika wapi. Kila robo saa."
Nikapiga hesabu kimoyomoyo:
mimi mara mbili kwa siku, chenyewe tisini na sita.
Nacho hakiumwi malaria.
Hakina arusi ya mdogo wake Bwera.

Nikatia sahihi makabidhiano.
Daftari hawakulitaka.

Nikajisemea: ngoja. Kidude kinajua kimo,
harufu hakiijui.
Hakijui kwamba maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa
huko juu Kilembe kuna kilima kimemeguka.
Hakijui mlio wa mawe yakibingirika chini ya maji,
gu, gu, guu,
kama mtu anayehamisha makabati chumba cha pili.
Siku ya siku, nikasema, nitasikia mimi kwanza.

Siku ya siku nililala.

Naandika hivyo kwa kuwa nimezoea kuandika kilichopo.
Kwetu mvua haikunyesha hata tone,
ilinyesha Rwenzori, mbali na mabati yetu.
Saa tisa kasoro dakika nne usiku
simu ikatetemeka juu ya sinia.
Ujumbe wa Kiingereza, mistari miwili:
Nyamwamba mbili nukta tisa, unapanda, tokeni ukingoni.
Nikainuka. Ndipo nikayasikia mawe.

Ujumbe ulimfikia Thembo, akabeba watoto.
Ulimfikia Mwalimu Nziabake,
akatoka na shati moja na vyeti vyote.
Masika ulimfikia, akadhani ni kampuni ya simu
inamdai salio la mkopo. Akaufuta.
Biira betri ilikuwa imekufa tangu jana.
Na mzee Kisughu, simu hana, hajawahi.
Nikapiga sufuria kwa mwiko, mlango kwa mlango,
miguu mitupu, nywele zimesimama,
antena ya mwisho ya kijiji.
Kwa Masika nilifika. Kwa Biira nilifika.

Asubuhi ubao wa namba haukuwepo,
wala jiwe langu, wala nusu ya daraja.
Kisanduku kilining'inia kwa nati moja,
taa yake ya kijani ikipepesa,
kikiendelea kutuma.
Sikukipenda hata siku hiyo.
Nilikifuta matope kwa leso yangu.

Ssenkaali akarudi na nati mpya.
Nikamfungulia daftari, ukurasa safi wa juzi:
Masika, alipata, hakuelewa lugha.
Biira, hakupata, chaji.
Kisughu, hakupata.
"Na hivi ni vipimo," nikamwambia. "Vitume."
Akasoma taratibu, kidole chini ya kila jina,
akapiga picha kurasa zote mbili,
kisha akauliza huyu Kisughu anakaa wapi.
Nikamwonyesha upande ule wa mto
ambako sasa kuna mawe matupu.

Hakusema kitu. Akapanda ngazi, akakaza nati.
Saa kumi na mbili ikafika.
Sikuwa na pa kukaa, nikasimama.