Ukurasa wa Sita

Bi Shamsa alinipa daftari, akasema: andika.
Mafua makubwa yakija, bekari ifanye nini.
Nikauliza, yanakuja lini?
Akasema, mgeni asiyepiga hodi
hutandikiwa kitanda mapema.

Basi nimeandika.
Unga: magunia arobaini, si kumi na tano.
Hamira ya wiki sita, pakavu, mbali na panya wa Vingunguti
ambao nao wana bekari yao humu humu.
Ndoo mbili za bomba, moja getini, moja chooni, na sabuni ya kipande.
Anayekohoa arudi kwake, na siku yake ilipwe.
Hapo Bi Shamsa alitazama feni,
akazungusha pete yake mara tatu:
Iandike, lakini kwa penseli.

Ukurasa wa sita nimechora jedwali.
Kushoto kazi, kati mwenye kazi,
kulia wa kushika nafasi yake akilala kitandani.
Kukanda: Chausiku; akilala, Ndimbo.
Kufunga mifuko: yeyote mwenye vidole.
Toroli la Kiwalani: Omboni; akilala, mdogo wake.
Tanuri: Ulimboka; akilala

Kalamu ikasimama.
Miaka ishirini na miwili tanuri lile linamtii mtu mmoja.
Huligonga ubavuni kwa koleo, mara mbili,
husikiliza, ndipo hufungulia mafuta.
Kwa nini? Hasemi.
Mkijua ninyi, hujibu, mimi hapa nitakuwa nani?
Na ni kweli. Mwenye siri hapunguzwi kazini.

Nyumbani nikaandika tena, nyuma ya kalenda ya duka la dawa.
Vyumba viwili, watu sita.
Mgonjwa apewe chumba chenye dirisha,
sahani yake, kikombe chake, taulo lake.
Pipa lijae kila jioni, hata wiki ambayo bomba halitusumbui.
Mkaa, chumvi, sukari, dawa ya homa.
Namba ya zahanati iandikwe ukutani kwa kipande cha mkaa,
maana simu nayo huzimika.
Mama Tumsifu agonge dirisha asubuhi,
na tusipoitika mara ya tatu, aite watu.
Wa kumuuguza mama mkwe: mimi.
Wa kuwauguza watoto: mimi.
Wa kumuuguza Hatibu: mimi.
Wa kuniuguza mimi

Pengo lile lile. Limenifuata kutoka kazini.

Hatibu alikuwa kizingitini akikata kucha.
Nikampa kalenda na kalamu.
Akasoma. Akarudia kusoma.
Akaandika jina lake kwa herufi kubwa
kama mtu anayedhamini mkopo wa shemeji,
kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
uji unaanza na maji au unaanza na unga?

Saa kumi alfajiri nikamfungulia Ulimboka daftari.
Sikusema neno. Nilimwonyesha tu pale peupe.
Akaendelea kupanga makopo ya mikate.
Akayapanga yote, akayapangua.
Njoo, akasema, na uache hiyo kalamu.

Akagonga. Unasikia?
Sikusikia.
Akagonga tena.
Likilia kama debe tupu, subiri.
Likilia kama mtu anayemeza mate, mafuta yamefika, washa.
Nikagonga mimi. Debe. Debe. Debe.
Mara ya nne, au ya tano, likameza.
Akacheka, halafu akaacha kucheka,
akanyoosha mkono wenye kovu:
Na bawaba ya kushoto usiishike.
Hilo sijamwambia mtu, hata mke wangu nilimwambia ni pasi.

Mafua hayajaja.
Huenda yakaja masika, huenda yakawakuta wajukuu zetu.
Kwenye jedwali, mbele ya tanuri, kuna jina langu,
na Ulimboka bado ana kazi, ananisahihisha kutwa nzima.
Hatibu amepika uji mara mbili. Wa kwanza tulimpa paka.

Ule mstari wa penseli, wa siku kulipwa,
leo mchana nimeupitisha wino.
Bi Shamsa hajalifungua daftari bado.
Nasubiri kusikia pete.