Mistari Mitatu

Fomu imefika kutoka Ulaanbaatar
imekunjwa mara nne kama leso:
"Muuguzi wa majeruhi, taja mahitaji yako
ya mafunzo endelevu." Chini yake, mistari mitatu.
Mitatu! Nami ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku,
buti zina damu ya mtu ambaye bado yu hai,
nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri
na wino umeganda kwenye kalamu.

Nianzie wapi, enyi mlioketi kwenye joto?

Niandike kwamba mwaka niliohitimu
tulifundishwa kumwaga maji ya chumvi,
chupa juu ya chupa, mpaka presha ipande?
Nilimtundikia Temuulen, dereva wa lori la makaa,
chupa sita, baridi kama kisima.
Presha ikapanda. Nikatabasamu.
Damu yake ikawa nyepesi kama chai ya mgonjwa,
ikasahau kuganda.
Miaka tisa baadaye, katika jarida la kuazima,
nikasoma kwamba sivyo:
mpashe joto, mpe damu mapema, maji kwa kiasi.
Nililifunga jarida.
Nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Hilo linaingia mstari wa ngapi?

Kabatini kuna mkanda wa kubana nyonga, msaada wa ng'ambo,
maelekezo kwa Kijerumani, na picha ya mtu anayecheka
ambaye nyonga yake haijawahi kuvunjika.
Alipoletwa mchungaji aliyeangukiwa na farasi
nilimfunga kwa mshipi wake mwenyewe,
ule wa hariri ya manjano uvaliwao juu ya joho,
nikaukaza kwa goti, naye akanitukania hadi nyanya yangu.
Alipona.
Sijui kama nilifanya sawa
au mifupa yake ilinihurumia tu.
Nifundisheni tofauti hiyo.

Jumapili tunafundishana, mimi na Ankhbayar,
kijana wa mwaka wa kwanza, mikono yake ingali inabisha hodi.
Tunanunua ubavu wa kondoo, tunahesabu:
wa nne, wa tano, pita juu ya mfupa,
chini yake kuna mshipa, usiuguse.
Tunapitisha mrija, tunautoa, tunaupitisha tena
mpaka vidole vielewe bila macho.
Kisha mlinzi anachukua nyama akapike supu.
Cheti hakuna.

Elimu haina mwisho, husema
wenye mtu wa kuwashikia zamu.
Kozi iko mji mkuu, siku tano,
na kati yetu kuna kilomita mia tano na ushei za Gobi.
Nikienda, Jumatano lori likipinduka
nani atanyoosha mkono gizani na kulijua koleo lilipo?
Andikeni: anahitaji mtu wa kukalia kiti chake.
Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi. Hata hivyo.

Na neno. Nahitaji neno la kumwambia mama kwenye simu
wakati upepo unakula nusu ya sentensi
na nusu inayomfikia ni "mwanao".

Mistari imejaa. Nageuza karatasi, nyuma ni nyeupe.
Ankhbayar anachungulia mlangoni, mbona sijalala?
Nampa mkono: lete kalamu yako,
hiyo unayoilaza kwapani,
najua ina joto.