Jicho Huchorwa Mwisho

Mkurugenzi alisema samaki ni kitoweo, si kitabu.
Nikamjibu, tutamsoma kwanza, ndipo tumle.
Akacheka, akatoa elfu tano ya ngege mmoja:
"Lakini kichwa ni changu."

Ndivyo giotaku ilivyoingia Panyimur,
darasa la watoto wa miaka mitano,
kwa mlango wa jikoni.

Bi Chizuru alinifundisha kabla hajarudi kwao.
Yeye alikuwa na karatasi nyororo kama ganda la kitunguu;
mimi nina mifuko ya saruji, nimeikung'uta, nimeipiga pasi.
Yeye alisaga wino wake juu ya jiwe;
mimi nimekwangua masizi ya tanuri la mama Ayerango,
pale anapobanikia angara,
nikayakoroga na uji wa muhogo.
Watoto wakanusa, wakasema:
unanuka nyumbani.

"Huko Japani," nawaambia, "mvuvi alimpaka samaki wino
ili kesho asije akasema alikuwa mkubwa kuliko alivyokuwa."
Wanaangua kicheko.
Kila mmoja ana baba.

Onencan ameleta mputa wa kwao ndani ya ndoo,
anatembea kama mwenye duka.
Tunamwosha kwa chumvi, ute umtoke.
Giramia anamfuta kwa kanga, hata kwapani, chini ya pezi.
Matamvua tunayaziba, asitutapikie maji.
Pezi la mgongoni halitaki kusimama;
tunaliegemeza kwa donge la muhogo na miiba.
Wino kidogo. Nimesema kidogo, Biyo!
Karatasi juu. Sasa vidole,
kutoka kichwani kwenda mkiani,
polepole, kama unambembeleza mdogo wako alale
na hutaki ajue kwamba unaondoka.

Onencan anafunua.
Darasa zima linasahau kupumua.
Magamba yote, moja moja,
mstari wa ubavuni kama mshono wa cherehani,
hata kovu la uzi wa nyavu shingoni.
Ila jicho. Jicho halichapiki,
hubaki doa tupu; huchorwa kwa mkono, mwisho.

Giramia alimpa ngege wake kope za bibi harusi.
Onencan alipiga mstari mmoja tu, uliolala.
"Samaki hana kope," nikamwambia, "hafumbi."
"Huyu amefumba."

Tulitundika kumi na tisa ukutani.
Mchuzi ulikolea. Kichwa kilikwenda ofisini.

Usiku baba yake Onencan alibisha.
Hakutaka kiti.
"Mwalimu, yule mputa. Kesho askari wa ziwa wanapita,
na hapo kwako dirisha liko wazi."
Nikachukua taa. Tukapima, yeye kwa kiganja, mimi kwa rula.
Rula yangu na kiganja chake vilisema neno moja:
mdogo. Mdogo sana.
Nilikuwa nimesahau somo langu mwenyewe,
kwamba karatasi hii haiongezi, haipunguzi,
na haijui nani ana deni la injini,
nani alilala njaa wiki ile.

Nilidhani ataichana.
Akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa saruji,
akafuata magamba kwa ukucha, kichwani kwenda mkiani,
bila kufundishwa.
"Amefanya yeye? Peke yake?"
"Peke yake."
"Na hili jicho?"
Nikamweleza alivyosema mtoto.
Akanyamaza. Nje mbwa wa mwaloni walikuwa wakigombea matumbo.
Kisha akaizungusha, hakuikunja,
akaiingiza ndani ya koti kama anayeficha kifaranga,
akaenda.

Asubuhi ukutani palibaki miiba minne.
Onencan alisimama mbele yake, mikono nyuma.
"Baba aliifuata usiku," nikasema. "Ameipenda."
Yote mawili yalikuwa kweli.
"Ameitundika wapi?"

Nikamkabidhi brashi.