Mizani

Msiitafute mizani katika shairi hili.
Mizani iko kliniki, Kangemi, chini ya kalenda ya mwaka juzi.
Nilivua viatu, nikavua koti la kazi,
nikatoa hata funguo mfukoni,
mshale ukapita tisini bila kupumzika.

Sista Kageha aliandika, akaandika,
kisha akainua macho yasiyolala vizuri:
"Mama, punguza mafuta. Kula mboga, samaki, matunda.
Na utembee. Nusu saa tu, kila siku."

Nikacheka. Samahani, Sista.
Kila jioni natoka hapa kwa miguu hadi langoni Westlands,
saa nzima, naokoa hamsini ya nauli,
na hamsini hiyo ndiyo chakula.

Munyao anajua. Akiniona nakata kona
anashika upawa wake: chipsi za arobaini,
anazifunga kwa gazeti
mpaka mawaziri wa ukurasa wa kwanza wanang'aa mafuta.
Kumi iliyobaki ni andazi la saa nane usiku.

Maharagwe nayapenda. Asinifundishe mtu maharagwe, mimi wa Webuye.
Lakini maharagwe yanataka saa tatu,
saa tatu zinataka mikebe miwili ya makaa,
na makaa yanataka ukumbi
ambao mwenye nyumba ameupiga marufuku kwa rangi nyekundu ukutani.
Nami nina saa nne za usingizi
na mtoto wa kuogesha.
Chipsi hazinidai kitu.
Zinaniita kwa harufu, zinanishibisha mbiombio, zinanyamaza.

Langoni nakagua mifuko ya wenye nafasi.
Tochi yangu imeona majani nisiyoyajua jina,
parachichi zimelazwa mojamoja kama mayai,
samaki wa rangi ya waridi.
Hamna silaha. Pita, mkubwa.
Wembamba hao, wembamba kama noti mpya,
na alfajiri wanakimbia
wala hakuna anayewafukuza.

Mwezi wa tatu vifungo vya sare vilikatika.
Kampuni ikanipa sare pana, ikakata mia nane,
karatasi ya mshahara ikasema: *tofauti ya saizi*.
Mia nane lazima itoke mahali.
Ilitoka kwenye sukuma wiki.

Desemba nilipofika nyumbani
mama alinishika mkono, juu, palipojaa,
akaita majirani: "Njooni muone! Nairobi inamtunza Nasimiyu wangu!"
Wakaja. Wakanizunguka kama ng'ombe wa mahari.
Ningesema nini?
Kwamba usiku magoti yananguruma,
kwamba mtu anaweza kunenepa na njaa yake ndani,
wote wawili katika sare moja?
Nikatabasamu. Nikala kunde za mama
sahani tatu, polepole,
kama anayesoma barua.

Jana jioni, foleni kwa Munyao.
Mbele yangu sweta la buluu, chini yake nguo nyeupe,
viatu vilivyolalia upande mmoja.
"Za arobaini," alisema, sauti ya chini,
kisha akageuka, akaniona.

Tulikula tumesimama, migongo kwa ukuta wa mpesa.
Hakutaja mafuta.
Sikumuuliza kilo zake, wala mshahara,
wala maharagwe yake huchemkia wapi.
Alinisogezea pilipili.