Picha ya Ishirini na Mbili

Khatib Faki kaja dukani Limbani, saa nne asubuhi.
Simu yake imetumbukia kisimani juzi
na mama yake yumo ndani.
Picha elfu mbili, anasema, na mia kadhaa:
mama anakuna nazi, mama anagombana na kuku,
mama kitandani, hospitali ya Mkoani.
Hakuna hata moja iliyowahi kugusa karatasi.
"Baba yako hakumpiga? Hata moja?"

Siku hizi nauza vocha, na makava ya simu.
Ukuta wa nyuma bado una maporomoko ya maji aliyoyachora Baba,
yeye ambaye maporomoko hajapata kuyaona,
na koti la studio, lile moja, walilovaa wanaume wote wa Wete
likabanwa vibanio mgongoni lipate kuwakaa,
liko msumarini, mende wamelila mabega.

Nilikuwa na miaka tisa aliponiingiza chumba cha giza.
Taa nyekundu. Harufu ya siki iliyokasirika.
Akisema: usiuharakishe uso, uso huja wenyewe.
Kwanza nyusi, kisha tundu za pua.
Kanzu haiji; kanzu ni karatasi iliyoachwa.
Mwisho macho, na hapo ndipo nikiogopa,
mtu ananitazama toka chini ya maji.

Mlango ukifunguliwa tukisema picha zimeungua.
Hapana moto, hapana moshi.
Mwanga tu, umeingia bila hodi.

Watu wakija msimu wa karafuu, vidole vinanukia,
pesa zimefungwa pembe ya kanga.
Mkanda ulikuwa pumzi thelathini na sita,
na kila mtu na yake moja.
Ukipepesa, basi, wewe kipofu wa milele
ukutani kwa mkweo.

Kitabu kinasema: Bi Mgeni Shaame na mtoto, Idi mosi,
mkanda wa 117, picha ya 21.
Nikafungua bati la biskuti.
Mikanda imenatana, imeota ukungu,
na huu si ule wa alfajiri, unaoondoka na jua.
Nikaunyanyua mbele ya taa:
buibui jeupe, meno meusi,
na mtoto wa miaka minne mwenye mvi kichwa kizima.
"Ndiye," akasema Khatib.
Alimjua hivyo hivyo, kinyume.

Dawa sina. Karatasi sina. Mashine kainunua fundi wa redio,
kang'oa lenzi, iliyobaki kaifanya kigoda.
Khatib akatoa simu mpya, akaupiga mkanda picha,
akabonyeza mahali,
cheupe kikawa cheusi,
mvi zikamtoka mtoto, zikabaki kwake yeye,
na Bi Mgeni akatokea mzima mzima,
nyusi na macho kwa mara moja.
Nilitaka kumwambia: subiri.
Hapakuwa na cha kusubiri.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akauliza bei.
Nikasema sijui.
Akanunua vocha, chenji hakuichukua.

Alipokwenda zake nikaurudisha mkanda kwenye taa.
Baada ya ishirini na moja ipo ishirini na mbili,
haimo kitabuni, haina jina.
Bi Mgeni peke yake. Mtoto keshateremshwa.
Buibui limeshuka mabegani, uso kaugeuza nusu,
anamchekea mtu aliye nyuma ya kamera.

Baba, asiyempiga mtu mara mbili,
Baba, aliyemwambia bwana harusi aliyefumba macho
"imeshatoka hiyo, bwana, shukuru,"
hapa alipoteza pumzi nzima.

Sikumwita Khatib arudi.
Nimezima taa, nimekaa na mkanda mkononi
kwenye giza ambalo halina tena kazi.