Maili Kumi za Machi

Bi Avril amenihesabia pini nne,
namba ishirini na tatu, na onyo:
"Mtaro wa kulia umejaa. Mwaka jana tulimvua Rodney humo
kama kambare."
Ukumbi wa kijiji unanuka chai na dawa ya kuchua misuli.
Wanaume wazima wanapinda migongo, wanabandikana namba
kwa upole ambao nyumbani hawauonyeshi.

Msimu wote wa baridi nilikuwa gereji,
baiskeli imefungwa kwenye rola, haiendi kokote,
kati ya mashine ya kufulia na makopo ya rangi.
Nilipanda milima isiyokuwepo.
Jasho lilidondokea taulo la zamani la binti yangu,
lile lenye picha ya bata.
Mke wangu alikuwa akiufungua mlango kidogo:
"Umefika wapi?"
"Hapahapa."
"Basi chakula kinapoa."

Sasa ni Machi na barabara ni ya kweli.
Nyanda hizi za Lincolnshire hazina hata kichuguu cha kujisitiri;
kabichi kushoto, kabichi kulia,
na upepo uliotoka Bahari ya Kaskazini bila kupumzika pahala
unapenya mishono ya suti hii inayobana,
suti ambayo kioo cha bafuni kilinisemea ukweli wake.
Lakini ndiyo hivyo. Maji nimeshayavulia nguo.

Saa moja na dakika ishirini na mbili.
Mzee Wilf amelishika tandiko langu kwa nyuma.
Viatu vimenasa kwenye pedali, siwezi kushuka,
uzito wangu wote umo mikononi mwa mtu wa miaka themanini
anayenukia peremende.
Tano. Nne.
Nakumbuka sijaenda haja.
Tatu. Mbili.
"Taratibu mwanzoni," ananong'ona, kama kila mwaka,
na kama kila mwaka simsikii.

Dakika mbili za kwanza mimi ni risasi.
Ya tatu, mimi ni fundi bomba wa miaka hamsini na mmoja
aliyelipa kiingilio ili aumie.
Mapaja yanawaka. Mate yamekuwa uzi.
Kule mbele ishirini na mbili ni nukta nyekundu;
nakanyaga, nakanyaga,
nukta haikui.

Kisha nyuma yangu, mvumo.
Si gari. Ni gurudumu.
Ishirini na nne, Tamzin, binti wa akina Stubley,
ana miaka kumi na sita, ana mtihani wa kemia kesho,
ananipita kana kwamba nimeegeshwa.
"Asubuhi njema!"
Nataka kumuuliza kama koki ya jikoni kwao bado inavuja.
Sina pumzi ya kuulizia koki.

Kwenye kipilefti mtu wa koti la njano ananyoosha themosi yake:
zunguka, rudi.
Nazunguka,
na dunia inanyamaza.
Upepo ulionisukuma kifua maili tano
sasa umeniwekea kiganja mgongoni.
Mnyororo unanong'ona. Gia inashuka, inakubali.
Kabichi zinakimbia.
Sina deni, sina simu, sina goti bovu,
nina mstari mweupe tu
na kichwa kilichoinama kuufuata.
Labda dakika nne. Labda tatu.
Halafu goti linakumbuka.

Bi Avril anaandika kwa chaki: 26:52.
Mwaka jana: 26:43.
Sekunde tisa.
Nimesimama na kikombe, nazitafuta:
ile chafya? ule mfuniko wa chemba niliokwepa?
Rodney ananiambia sekunde tisa si kitu.
Miaka thelathini nimefuata matone ya watu chini ya sakafu;
usiniambie kuhusu kidogo.

"Ulianza kwa pupa," anasema Wilf, huku akikunja kiti chake.
"Najua."
"Jumapili ijayo?"
Mdomo umejaa keki. Natikisa kichwa kukubali.

Nimerudisha namba na pini tatu.
Ya nne naipata kwenye gari,
ninapojiegemeza.