Robo Kilo

Kila alichonunua mama alikiandika
kwenye daftari la duka, kwa penseli,
herufi za mtu aliyejifunza ukubwani:
Sufuria namba kumi na mbili. Kilo mbili na robo.
Kwa Mhina fundi wa kusubu, Barabara ya Ishirini.
Chini yake: Nimemaliza deni.

Leo nimelipeleka Makorora,
kwa Singano mnunuzi wa vyuma chakavu,
nimelifunga ndani ya kanga
kama mtoto anayekwenda kliniki.
Akalitundika kwenye ndoano ya mizani.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
"Kilo mbili, dada."
Pima tena.
Akapima tena, mswaki wa mti mdomoni.
"Kilo mbili. Mizani yangu haina ugomvi na mtu."

Robo imekwenda wapi?

Sikatai, lilitufaa.
Chungu cha bibi kilipasuka siku ya hitima,
mchuzi ukazima moto,
wageni wakala wali mkavu kwa adabu.
Hili lilianguka likabonyea tu,
mama akalinyoosha kwa mchi, likarudi kazini.
Maji yalichemka kabla mkaa haujakolea;
kopo moja likabaki kwa kesho.
Hewa ya chumvi ya Tanga, inayokula bawaba,
misumari, minyororo ya baiskeli,
haikulipata.
Na ndugu zake wepesi: gongo alilopewa kaka pale Bombo,
lililomfikisha kwenye mtihani wa darasa la saba;
vidonge vya presha vya mama,
vikavu ndani ya karatasi ing'aayo,
kila kimoja na chumba chake.

Lakini robo.

Nakumbuka majivu na mchanga,
nimechuchumaa uani nasugua kwa kumbi la nazi
mpaka nione meno yangu.
Maji yaliyotiririka yalikuwa ya kijivu.
Kwa kijivu kile tulisifiwa mtaa mzima:
watoto wa Mwanamkasi, vyombo vyao vioo.
Nakumbuka ukwaju wa Ramadhani uliolala humo,
achari ya ndimu,
mchuzi wa papa uliopashwa siku ya tatu,
na vitobo vidogo chini,
kama uso wa aliyepona ndui.
Chombo kinazeeka, alisema mama.
Hatukuuliza ujana wake kinamwachia nani.

Nilikuwepo lilipozaliwa. Nilikuwa na miaka tisa.
Nyuma ya ua wa makuti Mhina alitupa tanurini
pistoni, makopo ya soda, fremu ya dirisha,
rejeta yenye lehemu zake,
vyote vikawa uji mmoja wa fedha,
na uji haukusema nani ni nani.

Juzi muuguzi alituambia, sisi wanawake wa kikoba:
alumini yenyewe, mwenye figo nzima huitoa karibu yote,
mengine bado wanabishana.
Ila msiweke kitu kikali kikalala humo.
Na sufuria za kusubu mziogope zaidi,
kwa vile vilivyochanganywa. Risasi, kwa mfano.

Risasi.
Neno moja kwa kinachoruka mtutuni
na kinachoteremka polepole kwenye mchuzi.
Hii ya pili haina mlio.

Simlaumu Mhina. Moshi ule aliuvuta yeye kwanza,
na chai yake aliichemshia humo humo.

Singano anataja bei.
Akilichukua litayeyushwa, litang'aa upya,
litafungwa ndani ya kanga ya mwingine.
Nikalirudisha kwenye kanga yangu.

Sasa linakaa chini ya bomba, linakinga maji ya kufulia.
Ukwaju naupikia chungu,
na mkaa unaisha haraka, nalalamika kila siku.
Usiku nilifungua daftari,
nikaongeza mstari chini ya deni lake:
Robo kilo. Watu sita. Miaka ishirini na saba.
Nyingi ilikwenda na mchanga, mferejini.
Iliyobaki sijui niiandike
upande gani.